Jina Mara Kumi na Sita

Uliona. Usiseme hukuona. Siku walipofukia waya chini ya barabara ya bonde ulikuwa umesimama kibarazani na kikombe chako cha chai, ukautazama mtaro mpaka chai ikapoa, kisha ukaingia ndani ukafunga mlango. Walipomchukua Gwakisa jikoni kwake, sufuria ya ndizi ingali motoni, uliongeza sauti ya redio. Na paka wako alipoanza kulala juu ya Bubu mchana kweupe, ulimfukuza kwa ufagio, eti anaacha manyoya. Basi kaa usikilize. Hadithi hii ni ya Atuganile, lakini na wewe umo, pale pembeni, umegeuza shingo.

Bubu ni jina la mitaani. Mamlaka ya Bonde iliiita Mashine ya Kaya: kompyuta nyembamba ya kutundikwa ukutani, ina kioo, spika, kinasa sauti na tundu la kamera dogo kama jicho la panya. Iligawiwa bure kila nyumba, kuanzia mashamba ya chai ya juu hadi majaruba ya mpunga ya chini, Bwawa la Kalambwe lilipokamilika. Bure! Bibi zetu walituonya juu ya vya bure, ila wakati huo walikuwa wamekwisha kufa.

Kazi yake kubwa ilikuwa kulala. Ilale, ilale, mpaka siku bwawa litakapozidiwa, ndipo iamshwe kutoka chumba cha udhibiti kule juu ipige yowe: maji yanakuja, pandeni. Na aliyepita nyumba hadi nyumba kuifundisha kulala na kuamka alikuwa Atuganile, mke wa Gwakisa, fundi aliyejifunza kompyuta kwa kufungua zilizoharibika mpaka akazielewa.

Kwa Mama Lwitiko, mchuma chai mwenye ulimi kama pilipili kichaa, alieleza akiwa juu ya stuli, bisibisi mdomoni.

"Nikiizima, mama, haizimiki yote. Mwili unalala, ila hii kadi ya mtandao inaachiwa umeme kidogo tu, inabaki inasikiliza. Kila mashine ina jina lake, namba ndefu, hazifanani mbili. Kule juu wakitaka kuiamsha wanatuma wito kwenye waya. Wito unaanza na kama kikohozi, kisha jina la mashine, mara kumi na sita mfululizo."

"Kumi na sita yote? Kwani kiziwi?"

"Kwenye waya kuna makelele mengi. Jina likipita mara moja, kadi itasema labda nimesikia vibaya. Likirudiwa mara zote hizo, inajua ndiyo mimi naitwa."

"Wakishaita wanasemaje?"

"Hawasemi kitu. Wito haubebi maneno, mama. Unabeba jina tu. Maneno yanakuja baadaye, mashine ikishaamka."

Mama Lwitiko aliitazama Bubu kama anavyotazama posa ya kijana asiyemjua. "Na mtu mwingine akiita jina hilo?"

"Itaamka. Haiulizi nani anaita."

"Mh! Hata mbwa wangu huuliza."

Walicheka. Atuganile alicheka zaidi ya wote, karibu adondoke kwenye stuli. Kicheko hicho angekuja kukijutia kuliko vilio vyake vyote.

*

Nyumba ya mwisho bondeni, ng'ambo ya kijito, ilikuwa ya baba mkwe wake.

Wageni hawaelewi jambo hili, na vijana wa mjini hulicheka. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamwangalii usoni, haingii alimo, na jina lake halitamki hata usingizini. Akimwona kwa mbali njiani anajitosa migombani na kanga kichwani mpaka apite. Si chuki. Ni heshima nzito hivyo, inayoinamisha watu wawili kwa pamoja, maana na mzee naye hukohoa kwa makusudi akikaribia kona, ili mkwe apate muda wa kujificha.

Kwa hiyo siku ya kufunga Bubu, Atuganile alingoja nyuma ya mgomba mpaka wifi yake Tumpe alipompungia mkono. "Ameenda kwenye maharage. Ingia, fanya upesi, fundi wa watu!"

Aliingia kwa mara ya kwanza nyumba aliyozaliwa mumewe. Kofia ya mzee ilining'inia msumarini. Aliipita kwa mbali kama inayopumua. Alifungua mipangilio ya ndani kabisa, ile inayotokea kabla mashine haijajitambua, akaruhusu kadi ibaki na umeme. Akanakili namba yake. Mashine ikauliza jina la mwenye nyumba. Kidole kikamganda hewani. Mwishowe akaandika: Baba wa Gwakisa.

Usimamizi wa mashine za mtaa ulikuwa mikononi mwake, kwa hiyo aliweza kuamsha Bubu yoyote kutoka mezani kwake. Asubuhi moja, mawingu yakiwa mazito, aliita ile ya ng'ambo ya kijito na kuandika kwenye kioo chake: *Shikamoo, baba. Leo mvua, usianike mpunga.* Akangoja. Mzee hakujibu neno. Lakini hakuizima. Aliiacha ikiwaka mpaka adhuhuri, na pale mezani kwa Atuganile taa yake ndogo ya kijani ikakaa, ikakaa.

"Hiyo ndiyo marahaba yake," Gwakisa alisema, akicheka na kupangusa macho. "Mke wangu, mmezungumza!"

Tangu hapo kila asubuhi. Shikamoo, baba, leo jua. Shikamoo, baba, leo ukungu. Na taa inawaka. Watu wawili ambao mila iliwatenga walipata kidirisha, na waya ule ule ndio uliokitoboa. Hili ndilo linaloniuma kulisimulia: kilichokuja kutuua kilianza kwa kutusalimu.

*

Paka ndiye aliyetoboa siri ya Mamlaka.

Wachuma chai walikuwa wanapanga kugoma. Hawakukutana popote, walinong'onezana jikoni. Hata hivyo kila walichonong'ona, askari wa Mamlaka walikijua kabla ugali haujaiva. Wakaanza kushukiana, ndugu kwa ndugu. Kisha askari wakaja kwa Gwakisa. Alichokuwa amesema jikoni, akimenya ndizi, walimsomea neno kwa neno mbele ya mkewe. Alipelekwa, na mpaka leo Mamlaka inasema haina mtu wa jina hilo.

Atuganile alikaa sakafuni siku hiyo na siku zilizofuata. Paka wao alipanda juu ya Bubu na kujikunja hapo, kama alivyozoea kila mchana. Atuganile alimtazama muda mrefu bila kumwona. Halafu akamwona. Paka hulala penye joto. Mashine iliyolala haina joto.

Akainuka, akaweka kiganja. Ilikuwa ya moto kama mtoto mwenye homa. Kioo cheusi, taa imefichwa, na ndani imeamka macho, inasikiliza. Wameiita jina lake, nayo haikuuliza nani anaita.

Akatoa plagi ukutani kwa mkono uliotoboa ukuta ule.

Kisha akatoka. Alikwenda kwa Mama Lwitiko, akaenda kanisani, gulioni, kwenye vilabu vya pombe, akisema neno moja: chomoa. Tazameni paka zenu, halafu mchomoe. Bonde likachomoa. Juu ya Bubu watu wakatandika vitambaa vya kufuma na kuweka chupa za chai. Mamlaka ilitisha, ikabembeleza, ikatisha tena, na plagi zikabaki zinaning'inia.

Nyumba moja tu iliendelea. Tumpe alitumwa ng'ambo ya kijito kwa mzee, akarudi na uso mzito.

"Baba anasema, mwambie: nikichomoa, nani atanisalimu asubuhi?"

Atuganile aligeukia ukuta. Alikuwa na hasira kubwa, na hasira kubwa haina masikio. "Mwambie ni kwa kidirisha hicho mtoto wake alichukuliwa."

Tumpe aliupeleka ujumbe. Jioni ile taa ya kijani ya mwisho bondeni ilizimika, naye Atuganile akaihesabu kuwa ni ushindi.

*

Mwaka wa tatu tangu hapo, masika yalikuja na mlima begani. Maporomoko yaliangusha minara ya simu. Ambakisye, mlinzi wa milango ya bwawa, aliyesoma dawati moja na Gwakisa, alituma pikipiki imfuate Atuganile.

Atuganile alimkuta amesimama mbele ya ubao wa taa unaojaza ukuta mzima, kila nyumba na taa yake. Ulikuwa mweusi. Hapa moja imewaka, pale moja, kama meno kwenye kinywa cha kikongwe.

"Nimeita bonde zima tangu alfajiri, shemeji. Hao ndio walioitika, wachache waliorudisha plagi kwa siri."

"Kuna nini?"

"Ukuta wa mashariki unavuja. Nisipofungua mlango utapasuka wenyewe, na hapo tusizungumze tena. Nikifungua, maji yatashuka kwa kasi, ila aliyeonywa atawahi kupanda. Yaweza kuwa leo mchana, yaweza kuwa kesho kutwa, au mvua ikate tusifungue kabisa. Watu wameshahamishwa bure mara mbili, mara ya tatu hawatoki mpaka wasikie yowe lenyewe. Na umebaki waya wa ardhini tu. Waya wako."

"Si wangu."

"Uliufikisha kila nyumba kwa mkono wako, ukauzima kwa mdomo wako. Wanakusikiliza wewe. Kawaambie wachomeke."

Atuganile alikuwa anasoma kioo kidogo cha pembeni. Kulikuwa na programu inangoja kwenye mlango wa kila mashine. Bubu ikiamka tu, kabla haijapiga yowe, ingeimeza. Na programu hiyo ingewasha betri iliyofichwa ndani ya kila Bubu tangu kiwandani, ambayo yeye alidhani ni ya saa. Baada ya hapo hata ungechomoa, ungechomoa bure. Isingelala tena.

"Amba. Hii ulikuwa huioni?"

"Naiona."

"Na umenituma nikawaambie wachomeke."

"Nimekutuma uwaokoe!" Sauti ilimpasuka. "Mtu aliyekufa maji anasikilizwa na nani?"

"Ile plagi nyuma ya goti lako ndiyo laini ya makao makuu. Ichomoe. Wito wako utapita, programu haitapita."

Ambakisye alitupia jicho kamera iliyokuwa darini. "Wataniona."

"Sisi wametuona miaka mingapi?"

"Nina watoto, shemeji."

"Gwakisa naye alikuwa mtoto wa mtu. Ulikula kwao."

Alishusha kichwa. Mkono wake ulisogea kidogo kuelekea goti, ukafika njiani, ukarudi mfukoni.

*

Atuganile aliposhuka aliukuta umati kwenye kituo cha kupimia chai, wamejibanza chini ya mabati. Njiani alikuwa amepima maneno mawili. Angeweza kusema chomekeni, akanyamaza mengine, na wangechomeka karibu wote, kwa sababu ni yeye. Lakini huo ndio ulikuwa mtindo wa Mamlaka: kuwatendea watu mema bila kuwaambia ni nini. Mpaka leo hajui kama alichagua sawa. Ukimuuliza atakuambia kila alilochagua lina kaburi.

"Chomekeni Bubu zenu," alisema. "Bwawa halina hali. Zikichomekwa zitawapigia yowe wakati ukifika. Na mjue: zikishaamka leo, hazitalala tena hata mkizichomoa. Mtalala nazo zikiwasikiliza."

Mvua juu ya mabati. Kisha kijana mmoja wa mizani akapiga mluzi.

"Huyu mama ana kazi! Jana chomoa, leo chomeka. Kesho atatuambia tuzibebe mgongoni!"

"Wamekulipa nini, Atu?"

"Mwacheni," alisema Mama Lwitiko. Mwanawe wa pekee alichukuliwa wiki moja na Gwakisa. "Atuganile, mwanangu. Niiwashe, isikilize tena jikoni mwangu? Nilichobakiwa nacho ni kunong'ona tu."

"Sijui, mama. Nimekuambia yote ninayoyajua."

"Basi umeniachia mzigo wako."

Wengine waliondoka mbio kwenda kuchomeka. Wengine walitema mate, wakabaki. Mama Lwitiko alikunja kanga, akaelekea kwake taratibu, na hakuna aliyejua ameamua nini.

Tumpe alifika akihema, matope mpaka magotini. Alikuwa ametangulizwa ng'ambo ya kijito kumwambia mzee achomeke.

"Amekataa. Anasema, aliyenituma nichomoe aje mwenyewe anitume nichomeke."

"Anajua siwezi kumfikia!"

"Anajua, wifi. Nadhani amechoka kusalimiwa na mimi."

*

Daraja la magogo lilikuwa limekwenda. Kijito, ambacho watoto huruka, kilikuwa kinanguruma kama mashine ya kusaga. Ng'ambo yake nyumba ya mzee ilisimama na mlango wazi, na nyuma yake kilima, palepale, hatua chache tu za mzee mwenye mkongojo na angekuwa salama.

Kule juu honi ya bwawa ililia, hafifu, kama ndama aliyepotea. Ambakisye anafungua. Leo ndiyo leo.

Tumpe alipiga kelele akakaukiwa. Mzee hakutoka. Sauti ya Tumpe aliizoea, ilishamletea ujumbe mwingi. Na ngurumo ya maji iliila kabla haijafika.

Atuganile alikuwa amesimama pale mkwe anaposimama, nyuma ya mgomba, kanga kichwani. Akaivua. Akatoka wazi ukingoni, akajaza kifua, akaita.

"Andongwisye!"

Tumpe alijiziba mdomo.

"Andongwisye! Andongwisye! Panda juu, maji yanakuja! Andongwisye!"

Aliita kama wito unavyoita kwenye waya, jina juu ya jina, bila kuhesabu. Sauti iliyofungiwa tangu siku ya harusi yake ilitoka yote. Na mzee akatokea mlangoni.

Alisimama, kofia kichwani, akamtazama. Mara ya kwanza maishani walitazamana usoni. Alikuwa na macho ya Gwakisa.

"Panda! Kilimani! Acha kila kitu!"

Mzee aliweka kiganja sikioni. Jina lilikuwa limefika, maana lilirudiwa. Maneno hayakufika. Alichojua ni kwamba mkwe wake amevunja mwiko, anasimama uchi wa aibu mbele ya mto, anamwita kwa jina. Na alijua alikuwa amemwomba nini asubuhi ile kwa kinywa cha Tumpe. Akainua mkono, akafanya ishara ya kusukuma kitu ukutani. Chomeka. Nimesikia, mwanangu. Akageuza uso kwa adabu ili asiendelee kumwaibisha, akainama mlangoni, akaingia ndani.

"Hapana! Hapana, baba! Hapana!"

Dirishani ikaonekana taa ndogo ya kijani.

Kule juu, mbele ya ubao wa taa, Ambakisye aliyekuwa anatuma wito mfululizo huku milango ikifunguka aliona taa moja mpya ikiwaka chini kabisa ya ubao, nyumba ya mwisho, Baba wa Gwakisa. Anasema iliwaka vizuri, bila kupepesa. Haikufika adhuhuri, kwa sababu adhuhuri ilikuwa imepita. Ilikaa kwa muda wa mtu kujibu marahaba, na maji yakafika.

Ndipo Ambakisye alipoinama na kuchomoa laini ya makao makuu. Plagi moja. Ilitoka kwa vidole viwili.

*

Mama Lwitiko alionekana juu ya paa la kanisa, hai. Alikuwa amechomeka. Wengi wa majirani zake hawakuchomeka, na vitambaa vyao vya kufuma viliokotwa kwenye matete mpaka Kyela. Atuganile aliokota kofia. Hulisikia jina lake vinywani mwa watu kila anapopita, wengine wakisema alitudanganya kwa kuchomoa, wengine kwa kuchomeka, naye hajitetei. Kila asubuhi hukaa mezani na kuita mashine isiyokuwepo tena. Shikamoo, baba. Leo jua.

Sasa Mamlaka imepata hoja. Inasema mafuriko yamethibitisha ukaidi wetu, na inaleta Bubu mpya zisizo na plagi kabisa, za kujengewa ndani ya ukuta. Maji yaliyozamisha watu wetu ndiyo wanayoyatumia kama sahihi yetu. Hakuna anayeuliza kwa nini kengele ya kutuokoa ilifungwa mkanda mmoja na sikio la kutusikiliza, mpaka mtu achague afe kwa lipi. Waliofunga mkanda huo wana majina. Sijayasahau, na sitayasahau.

Malori yako geti la juu la bwawa hivi ninavyosimulia, yanangoja matope yakauke. Atuganile yuko pale tangu alfajiri na Tumpe, na Mama Lwitiko na mbwa wake. Wanadai jambo lililo wazi: king'ora chenye waya wake peke yake, kisicho na sikio wala jicho, na ufunguo wake ukae bondeni kwa wanaokufa, usikae kwa wanaotazama. Wako wachache. Lori halisimamishwi na wachache.

Weka kikombe chini. Gusa hiyo Bubu iliyo nyuma ya kichwa chako, uone kama ni ya moto. Kisha vaa viatu upande getini, sasa, kabla tope halijakauka. Umeitwa mara moja. Wewe si mashine. Usingoje mara kumi na tano zilizobaki.